Jembe Lililolia Siku ya Matanga

Kwetu Runazi wimbo wa kwaya hauishii kanisani. Ukishaimbwa na watu wakashikana mikono mlangoni, unahamia dukani, na huko ndiko unakochambuliwa. Watu wanaamini kwamba kila wimbo una mwenyewe. Tukiimba juu ya mlevi, anatafutwa mlevi. Tukiimba juu ya mtu mwenye majivuno, majina matatu yanapendekezwa kabla soda haijafunguliwa. Hata tukiimba juu ya mbinguni, yupo atakayeuliza ni nani hasa tunayemwambia kwamba hatafika.

Mfasiri wetu mkuu ni mzee mwenye duka, Mwislamu, ambaye kanisani huingia siku za harusi tu. Lakini nyimbo zetu anazo zote kwenye memori kadi, anazipiga tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga, na akishausikia wimbo mara mbili anajua unamhusu nani. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya na ndiye mtunzi, ila mimi siulizwi. Mtunzi umuulize nini? Atakwambia wimbo ni wa watu wote. Hivyo ndivyo nilivyowajibu miaka yote, na kusema kweli nilifurahia kuwaona wakihangaika. Nilijiona mjanja sana.

Leo naweza kusimulia nikicheka jinsi ujanja huo ulivyonitokea puani. Wakati ule sikucheka.

Ilianza alipofariki mzee jirani yetu, ambaye nyumba yake iko juu ya shamba langu. Kwetu mtu akizikwa, jembe linalala. Hulimi wala hupandi mpaka matanga yaanuliwe, hata mvua ikubembelezeje. Sisi wa asili ya hapa Biharamulo tunaishika desturi hiyo, na jirani zetu ambao wazazi wao walitoka Burundi na Rwanda wanaishika vilevile, kwa hiyo katika mengi tunayobishana, hilo halimo. Unakwenda msibani, unakaa chini, unachota maji, unamenya ndizi, unalia na wanaolia.

Tulimzika Jumatano, na jioni ile ile ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu. Mume wangu alikuwa Ngara akiwaezekea watu mabati, huku paa letu wenyewe likivuja kwenye kona, na kona hiyo ndiyo niliyoweka gunia la mbegu za maharage. Nililigundua siku ya pili, niliporudi nyumbani kuchukua sufuria ya kupeleka msibani. Niliingiza mkono ndani ya gunia nikakuta joto. Maharage yalikuwa yamevimba, mengine yameanza kutoa vijimkia vyeupe. Anayelima anajua maana yake: mbegu ikishachipua haikungoji, ama iingie ardhini ama ioze. Na ile ndiyo ilikuwa mbegu yangu yote ya msimu.

Ningeweza kwenda kuwaambia wazee. Labda wangeniruhusu. Lakini ni nani anakwenda kwenye nyumba ya msiba kuongea habari za maharage, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi? Niliona haya. Basi haya hiyo ndogo nikaiepuka kwa kufanya kubwa zaidi: nikatia mbegu kwenye ndoo, nikaifunika kanga, jembe nikalipitisha migombani, na jirani niliyekutana naye nikamwambia naenda kuchota maji.

Shamba langu liko upande huu wa bonde, chini kidogo ya nyumba ya marehemu, lakini migomba inalificha. Nililima nimeinama kama mwizi. Jembe nililishusha taratibu, napapasa udongo badala ya kuukata, na kazi ilikuwa inakaribia kwisha. Kisha nikalisahau jiwe. Katikati ya shamba lile kuna jiwe lililojificha chini ya udongo, huwezi kuliona, unalikumbuka tu. Jembe likatua juu yake, ng'aa! Bonde likaichukua sauti ile na kuirudisha kutoka ng'ambo, ng'aa! Huko juu, wanawake waliokuwa wakiimba msibani wakanyamaza.

Nilikaa chini pale pale nikasubiri mtu ashuke. Hakushuka mtu. Mbegu zilizobaki nikazifukia kwa mikono, nikaosha miguu mtoni, nikajaza ndoo, nikapanda kurudi msibani.

Niliwakuta wanabishana ni nani kashika jembe. Wengi walisema sauti imetoka ng'ambo, kwa sababu mwangwi ulikuja kutoka ng'ambo. Mmoja akaniuliza, wewe uliyekuwa mtoni hukusikia? Nikatua ndoo, nikajifuta jasho, nikasema, "Nimesikia. Watu wengine hawana haya." Kwa mdomo wangu huu. Kisha nikachukua kisu, nikakaa kumenya ndizi pamoja nao.

Maharage yale yalizaa vizuri kuliko ya miaka iliyotangulia. Ningependa kusema yalinyauka, ingekuwa adhabu nikaishia hapo, lakini yalistawi, na kila nilipoyapalilia yalinisuta. Ukafika wakati wa kwaya kuandaa wimbo wa siku ya mavuno. Mimi, niliyezoea kutunga juu ya mambo ya wengine, sikupata neno la kitu kingine chochote. Nilikuwa napepeta maharage yale yale, wimbo ukaja wenyewe:

*Jembe limelia, asubuhi limelia,*
*limelia ng'ambo ya bonde.*
*Ewe mkulima, unamlimia nani,*
*udongo wa jirani haujakauka?*

Mkulima huyo nilikuwa mimi. Lakini nilikuwa mwoga, na mwoga akitunga wimbo huanza kujitafutia maficho. Shamba langu liko upande huu, nikaimba ng'ambo, kwa kuwa ndiko wenzangu walikoisikia sauti. Ilikuwa alasiri, nikaimba asubuhi. Nikajiridhisha kwamba nimeungama na bado hakuna anayejua. Sikujua kwamba ukijitoa ndani ya wimbo, nafasi yako haikai tupu. Watu watamtafuta mwingine wa kumweka.

Siku ya mavuno uliimbwa, na watu walilia. Nilikuwa nimesimama mbele nikiwaongoza kwa mikono, nikaona vizuri walivyokuwa wakitazamana. Kufikia Jumatatu wimbo ulikuwa dukani. Mzee mwenye duka aliusikiliza mara mbili, akasema hesabu yake ni ndogo sana. Ng'ambo ya bonde kuna nyumba tatu. Moja imefungwa tangu wenyewe walipohamia Nemba. Ya pili ni ya babu asiyeweza kuinua hata fimbo yake. Imebaki moja.

Hiyo moja ni ya mama ambaye wazazi wake walitoka Burundi naye akiwa mgongoni. Amezeeka hapa hapa, watoto wake wamesoma hapa, na ni mtu asiye na maneno. Tulikuwa naye kwenye kikundi chetu cha kulima kwa zamu, wanawake kumi na wawili: wiki hii tunalima kwangu, wiki ijayo kwako, na mwenye shamba anapika. Ukiwa ndani ya kikundi shamba lako linamalizika kwa siku moja. Ukiwa nje, unalima peke yako mpaka mvua ikukute katikati.

Zamu yake ilifika mwezi wa pili, tulipokuwa tunaandaa mashamba ya masika. Hakuna aliyesema tusiende. Kila mmoja alipata udhuru wake: huyu mtoto anaumwa, yule ana mgeni kutoka Bugarama. Mimi nilisema koo linaniuma. Lakini siku hiyo unga ulikuwa umeisha, na njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga inapita kwake. Nilipita nikitazama chini. Hata hivyo niliiona sufuria kubwa kwenye mafiga, imefunikwa majani ya mgomba, na juu ya kichanja sahani zimeoshwa na kupangwa zikiwa zimefudikizwa. Yeye alikuwa amekaa kando ya sufuria. Aliponiona aliinuka akitabasamu, akadhani mimi ndiye wa kwanza.

Nikamwambia naenda kusaga.

"Haya, mwarimu," akasema, kwa lafudhi aliyorithi kwa wazazi wake. "Basi ukirudi."

Nilirudi kwa njia nyingine.

Kesho yake akaja kwangu. Nikampa kigoda, nikamkaribisha chai, akakataa. Alikaa huku ameshika mikono yake magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mwarimu, wimbo ni wako," alisema. "Nimekuja unifasirie."

"Nikufasirie nini, mama? Si Kiswahili tu?"

"Maneno nayasikia. Nataka kujua yananitaka nini mimi. Siku ire ya pili ya matanga, mimi sikurima. Rakini shambani nirikwenda. Watoto warikuwa na njaa, nikang'oa shina moja ra muhogo. Kwa mkono, mwarimu, jembe sikurishika. Sasa nimefikiri sana, rabda kung'oa nako ni kurima. Kama ndivyo, uniambie, nitubu, wanawake warudi."

Sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kama yale. Mama wa watu alikuwa ameipekua siku yake nzima akitafuta kosa, na alipolikosa akaokota shina la muhogo ili walau wimbo wangu uwe wa kweli. Mimi mwenye kosa lenyewe nilikuwa nalijua kwa saa na dakika, nimekaa mbele yake na kikombe cha chai.

"Si wewe," nikasema.

"Kama si mimi, ni nani? Ng'ambo tuko wangapi?"

Nikamwomba anipe siku mbili nitamjibu. Akanishukuru. Aliinuka, akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake. Nilibaki pale nikijichukia, na nasema hivyo bila kuongeza chumvi.

Nilijua pa kuanzia. Niliyemkosea kwanza ni mjane wa marehemu, na kabla sijaungama mbele ya watu ilibidi niungame kwake. Asubuhi iliyofuata nikapanda kwake. Nilimkuta anaanika muhogo kwenye mkeka. Tangu matanga yaanuliwe alikuwa hatoki, kanisani haji, simu hana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikapiga magoti nikamsaidia kutandaza. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu kichwani, yenye mvua na paa na gunia, lakini ilikwama yote.

"Bibi," nikasema, "lile jembe lililolia siku ya pili..."

"Lako," akasema, wala hakuinua kichwa.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza amejuaje.

"Jiwe," akasema. "Shamba lile tumelilima sisi kabla hatujamuuzia baba yako. Mzee alivunjia majembe mawili pale. Kila mwaka anaapa ataling'oa, kila mwaka analisahau, analigonga, anatukana, halafu anageuka kuangalia kama nimesikia." Akapanga vipande viwili vya muhogo vilivyokuwa vimepandana. "Siku ile nilikuwa nimelazwa ndani, wanawake wananiimbia, sisikii hata wanachoimba. Nikasikia jiwe. Nikasema, ah, mzee amefika pale pale pake. Sasa atatukana."

Akacheka. Kisha akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Ndiyo siku niliyopata usingizi," akasema.

Nililia mimi. Nililia kwa sauti kama mtoto, na yeye aliniacha nilie, akaendelea kuanika. Mzigo niliokuwa nao tangu mvua ya kwanza nilihisi unashuka mgongoni kabisa, hata pumzi nikaivuta mpaka chini. Nikamweleza habari za gunia na vijimkia vyeupe, akatikisa kichwa, akasema maharage yaliyochipua hata yeye angeyapanda. Hapo ningeweza kuaga na kurudi nyumbani mtu mwepesi. Bahati nzuri sikuaga. Nikamsimulia habari za wimbo, na za mama wa ng'ambo na sahani zake kumi na mbili.

Uso wake ukabadilika.

"Nani kasema ni yeye?"

"Wimbo, bibi."

"Na wimbo katunga nani?"

"Mimi."

"Basi mbona umekuja kunifasiria mimi nisiyekosea? Kawafasirie waliokosea." Alisimama, akakung'uta mikono. Nilimuona amekasirika kweli. "Miezi yote hii watu wananitetea mimi, na hakuna hata mmoja aliyepanda hapa kuniuliza kama nimeudhika!"

Alituma ujumbe nyumba kwa nyumba: "Jumamosi tunalima ng'ambo, na mimi nitakuwepo." Ni nani atamkatalia mjane? Wote walifika, wenye watoto wagonjwa, wenye wageni, na mimi mwenye koo. Bibi aliwekewa kigoda kando ya shamba, fimbo mapajani. Mama mwenye shamba alikuwa amepika tena, na alitusalimia mmoja mmoja, sauti chini chini, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu.

Tulipofika nusu ya shamba wakaniambia nianzishe wimbo, kama kawaida. Nikaanzisha ule ule. Majembe yakapungua kasi. Niliona macho yakimwendea mwenye shamba, naye akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshafika mahali pa maneno, na nikayaimba jinsi yalivyopaswa kuwa tangu mwanzo:

*Jembe langu limelia, alasiri limelia,*
*limelia upande wetu wa bonde.*
*Mbegu zangu zimelowa, nikaona haya kusema,*
*nikapanda na ndoo, nikawasingizia wengine.*

Majembe yote yalikuwa yamesimama. Nikawaambia kwa maneno ya kawaida sasa, bila tuni, kwamba ni mimi niliyelima siku ya pili, na ni mimi niliyesema watu wengine hawana haya, na nikamtazama mama wa ng'ambo nikamwomba anisamehe. Bibi kwenye kigoda chake akagonga fimbo chini, akasema yeye alijua siku hiyo hiyo, na hajaudhika, na sasa ndiyo anaudhika kwa kuwa kazi imesimama.

Mama wa ng'ambo alinyoosha mgongo. Alikuwa bado hajaamini.

"Mwarimu. Kwa hiyo muhogo wangu haumo?"

"Haumo."

"Hata kidogo?"

"Hata jani lake."

Akaniangalia. Halafu kicheko kikamtoka, kwanza kidogo, kisha kikamzidi nguvu, akakaa chini kwenye udongo, mikono kichwani, anacheka na machozi yanatoka. Wanawake wakaanza mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanamwomba radhi, wengine wanafanya vyote viwili kwa pamoja. Nilipomkaribia nikamuuliza tena kama amenisamehe, akanielekeza kwa kidole kwenye kipande kilichokuwa hakijaguswa.

"Kwanza rima," akasema. "Tutaongea."

Hukumu ikapitishwa hapo hapo: wao wanakula, mimi namaliza kipande kile peke yangu. Nililima nikiwasikia wakipakua, wakinitania kila nilipoinua kichwa, wakiniuliza kama leo maji ya mtoni ni mengi. Sijawahi kulima nikiwa mwepesi vile. Nilipomaliza, yeye mwenyewe aliniletea sahani, na ilikuwa imejaa kuliko za wengine.

Aliyeudhika kweli ni mzee mwenye duka. Wimbo ule mpya aliupata siku ya pili yake tu, na nilipokwenda kununua chumvi akanilaumu. "Mwalimu, umetuharibia. Wimbo ukishajulikana mwenyewe, tutaongea nini hapa?" Lakini anaupiga bado, na nimemsikia akiwaambia wapita njia kwamba yeye alishuku tangu mwanzo.

Mume wangu aliporudi, akaliziba paa kwanza, kisha akajitolea kuling'oa jiwe. Nikamkataza. Msimu huu nilipokuwa natayarisha shamba sikulizunguka. Nilipofika pale niliinua jembe nikalishusha kwa nguvu, ng'aa! Juu, mlangoni kwake, bibi aliinua mkono. Bonde likairudisha sauti kama kawaida yake, na nyuma ya mwangwi ikaja sauti ya mtu kutoka ng'ambo, inacheka:

"Mwarimu! Nimekusikia!"

Nikanyoosha mgongo, nikaweka mikono mdomoni, nikamjibu kwa sauti ambayo hata dukani waliisikia: "Ni mimi!"